Nyimbo Zilizopitia Jikoni

Jumamosi mchana, Nesi alichomoa waya mrefu uliotoka kwenye kompyuta hadi kwenye redio kubwa ya sebuleni, akauviringisha kiwikoni kama mtu anayeanua kamba ya nguo, akautupa. Waya huo ulikuwa umekatiza sebule miaka nenda miaka rudi, na hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumba ile asijikwae. Sasa redio ilikuwa mpya, spika zake nyeusi zimesimama pembeni kama walinzi wa benki, na muziki ungetoka kwenye kompyuta na kuifikia kwa njia ya hewa.

"Utapita wapi?" aliuliza Shangazi kutoka jikoni, mikono imejaa povu.

"Popote unapotaka, Shangazi. Hauna waya, nani wa kuuelekeza?"

Shangazi alicheka, akaendelea kusugua sufuria.

Siku hiyo ilikuwa ya kaka yake, baba wa Nesi, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa ingawa hakuwahi kufundisha kitu zaidi ya gitaa. Chama cha wanamuziki kilikuwa kinakuja nyumbani kumpa tuzo ya mtunzi bora wa enzi zake. Harusi haikuitwa harusi kama nyimbo zake hazijapigwa. Nyimbo hizo alizitunga Shangazi, akipiga pasi, enzi za usichana wake, kaka yake amekaa mlangoni na gitaa anamwambia, "Rudia hapo, rudia hapo." Jambo hilo lilijulikana kwa watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa amelisahau kwa makusudi. Lakini wiki ile, akifunga vifungo vya shati, Profesa alimwambia dada yake, "Siku ya tuzo nitasema mbele ya watu. Umri umekwenda, dada. Nitasema." Kwa hiyo Shangazi alikuwa amesuka nywele, na alikuwa anaosha vyombo akiwa na viatu vya kutokea mguuni.

Wageni wakajaa. Walikaa kwenye makochi, kwenye mikono ya makochi na kwenye ngazi. Mama Saluni, jirani wa ukuta mmoja, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alikalia meza ya televisheni akidai yeye ni mwepesi. Nesi akabonyeza kompyuta. Wimbo wa kwanza ukatoka, ukazipita spika bila hata kuzisalimia, ukakata kona ya korido, ukaingia jikoni na kumwingia Shangazi begani.

Haukuuma. Ulikuwa kama kwikwi yenye ala. Ngoma zilikaa magotini, gitaa likakaa mbavuni, na sauti ikatoka kinywani mwake pamoja na tarumbeta zote, mwiko bado mkononi.

"Redio iko jikoni," mtu akasema.

"Ileteni huku basi," akasema Mama Saluni. "Mnaificha redio nzuri hivyo kwenye moshi?"

Wakamleta, wakamweka katikati ya zulia. Alitoa sauti safi kuliko spika, na waliokuwa na magoti mabovu wakayasahau. Mwenyekiti wa chama, mzee mzito aliyebanwa na suti ya kuazima, alizunguka kama feni. Shangazi alipokwenda chooni, shughuli nzima ilimfuata koridoni, ikacheza nje ya mlango, ikamwomba asivute maji mpaka kiitikio kiishe. Alipotoka hadi getini kupunga upepo, muuza maji akashusha madumu yake, na madereva wakashuka kucheza katikati ya barabara bila kuzima injini. Shangazi mwenyewe alikuwa anacheka hadi machozi, na kicheko chake kilitoka kikiwa kwenye mapigo.

Wakarudi ndani. Nesi akaweka wimbo wa bendi nyingine. Huo ulikwenda moja kwa moja kwenye spika, ukapigwa huko kwa adabu. Shangazi akapata nafasi ya kunywa maji. Nesi akarudisha zile za baba yake, nazo zikamkimbilia Shangazi kama watoto waliofunguliwa shule.

Isipokuwa mmoja. Ulikuwa wimbo wa tangazo la magodoro, ambao Profesa aliutunga peke yake. Ulizungukazunguka sebuleni, ukamwona mtunzi wake, ukamwingia tumboni. Ukatoka hapo na kinanda kimoja, ukisema godoro, godoro, lala, lala. Watu walisimama kwa heshima mpaka ukaisha.

"Hebu ngojeni kwanza," alisema Mama Saluni, akishuka mezani. "Za bendi nyingine zinakwenda kwenye spika. Ule wa godoro umekwenda kwa mwenyewe. Hizi nyingine zote zinamkimbilia dada mtu. Profesa, hapo pana nini?"

Shangazi akamtazama kaka yake. Profesa akalegeza tai.

"Damu," akasema. "Tumenyonya ziwa moja."

"Ahaa," wakasema wageni. Mama Saluni akakubali kwamba hata kwake ni hivyo hivyo: dada yake akiumwa jino huko aliko, yeye anavimba shavu.

Mwenyekiti akakabidhi tuzo, ubao mzito wenye jina la Profesa kwa herufi za dhahabu. Profesa akamshukuru Mungu, marehemu mkewe, chama, na kampuni ya magodoro. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye zulia.

"Na dada yangu huyu," akasema, na Shangazi akaiweka sawa kola ya gauni lake, "ambaye tangu asubuhi hajakaa chini. Chakula chote mlichokula amepika yeye. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi sana. Chakula kilikuwa kizuri.

Nesi akabonyeza wimbo mkubwa kuliko zote, ule wa kufungia harusi. Ukamjaa Shangazi mpaka kwenye visigino, na nyumba nzima ikainuka kucheza. Katikati ya ubeti akafunga mdomo, akabana pumzi. Wimbo ukakatika. Watu wakabaki na mguu mmoja hewani. Mwenyekiti alikuwa amemshika Mama Saluni kiuno, akabaki amemshika. Shangazi alisimama pale, mashavu yamejaa, macho kwa kaka yake, akingoja. Lilikuwa neno dogo tu, la kusemwa hata mtu akiwa amekaa.

Profesa aliyaona macho hayo, akayaelewa vizuri sana. Akageukia kompyuta.

"Mtandao," akasema. "Umekatika."

"Mitandao ya siku hizi," wakasema wageni.

Nesi akakichungulia kisanduku cha mtandao chenye taa za kijani, akakigonga, akakichomoa, akakichomeka tena. Mmoja akalaumu mawingu. Mwingine akalaumu majirani wanaodandia mtandao wa watu bila kulipia, na Mama Saluni akaanza kuitazama dari.

Shangazi alibana hadi masikio yakaanza kuvuma. Lakini mtu haishi bila kupumua. Akaachia. Wimbo ukaendelea pale pale ulipokatikia, na miguu yote ikatua kwa pamoja, vikombe vikaruka mezani.

"Umerudi," Profesa akatangaza, na watu wakampigia Nesi makofi.

Shangazi naye akacheza, maana wimbo ulikuwa mtamu. Alipotaka kukaa, Mwenyekiti alimzuia kwa upole, akamshika mabega, akamsogeza kidogo kutoka ukutani.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo besi inapotoka vizuri."