Uso wa Duka la Wifi

Duka la vipodozi lilikuwa la wifi yake, lakini uso uliouza ulikuwa wake yeye. Wateja walimwita Kioo. Tangu aolewe alikalishwa kwenye kiti cha mlangoni, kazi yake kung'aa tu, na watu wakanunua krimu huku wakimtazama. Krimu yenyewe hakuwahi kuipaka hata siku moja. Kizuri chajiuza, na wifi mtu alijua kukisaidia.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, madoa yakatanda: mashavuni, kwenye paji la uso, juu ya mdomo kama masharubu ya kijana aliyebalehe jana. Shingo nayo ikaiva ikawa nyeusi. Nesi wa kliniki hata hakushtuka.

"Ni mimba hiyo, mama. Ukishajifungua yatafifia polepole. Ila usiyachokoze na makrimu makali, una mtoto tumboni."

Aliyeshtuka ni wifi. "Haa! Wifi, umejipaka masizi? Hebu nenda stoo ukapange makopo. Ukikaa hapa watu watadhani ndiyo matokeo."

Wasichana wa dukani wakacheka. Kioo naye akacheka, maana ukichekwa na wa nyumbani utafanyaje? Akapanga makopo huku miguu imevimba. Kiti hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni mumewe, ambaye siku hizi alizungumza naye macho yakiwa kwenye simu. Alitaka kitu kimoja tu, mumewe amtazame tena.

Asubuhi moja wifi akamwita uani, penye mwanga. "Tulia nikupige picha, ya kumbukumbu ya mtoto."

Masikini, alifurahi! Alidhani amesamehewa.

"Usicheke," wifi akasema. "Nuna kidogo." Akanuna.

Wiki iliyofuata picha ile ilitundikwa mlangoni, kubwa kama mlango wenyewe, chini yake imeandikwa KABLA. Kando yake Kioo wa zamani aling'aa juu ya neno BAADA. Hiyo ya pili ilikatwa kutoka picha ya harusi yake. Pembeni bega la bwana harusi lilikuwa bado linaonekana. Makopo yakagombaniwa. Mteja mmoja alipomwona akitoka stoo akamshika mkono kwa huruma: "Vumilia, dada. Na wewe utafika."

Kioo akautoa mkono wake taratibu. Mume wangu akiiona hii, alijiambia, leo patachimbika. Yeye si alikuwepo? Bega si lake?

Mume aliiona. Jioni alirudi na kopo la krimu mkononi, akaliweka mezani.

"Dada kaniambia kila kitu," alisema. "Kumbe uso ule niliouoa ulikuwa wa kopo. Sasa mbona uliacha kupaka?"

"Sijawahi kupaka! Nesi kasema ni mimba tu hii, nikijifungua..."

"Nesi anauza ngozi? Dada ndiye anayezijua." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Sikulaumu, mke wangu. Kila mtu ana siri zake. Paka tu, urudi kuwa yule."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, simu akaiweka kando. Kwa mara ya kwanza tangu madoa yaanze, alikuwa akimtazama bila kubandua macho.

Kioo akafungua kopo.