Mwenzangu Ametangulia

Jumatatu ya tarehe tisa Februari ndiyo siku nyumba yangu ilipoanguka bila ukuta kupasuka. Mke wangu alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, anahema kama mtu aliyepanda mlima, na mimi naambiwa na manesi, "Mzee, subiri, daktari tumekatazwa kumgongea." Wakubwa wa pale kazi wanayoijua ni hiyo, kusema subiri. Jioni hapakuwa tena na mtu wa kumsubiri daktari.

Malalamiko yangu yalizungushwa ofisi hadi ofisi, mpaka wakaniita mjini nikaeleze mbele ya kamati ya wakubwa wa hospitali jinsi alivyokufa. Hilo neno ndilo lililonitia homa. Tangu tumzike sijawahi kulitamka. Nasema hayupo, nasema ametangulia. Hilo lingine ulimi unagoma. Na ukienda mbele ya wenye suti ukaanza kuzungukazunguka, wanakuona huna kesi.

Binti yangu akanipangia chumba kwenye hoteli iliyo jirani na ofisi ya kamati. "Ni hoteli ndogo, baba, nzuri sana. Ila tafadhali usigombane na mtu."

"Nimewahi kugombana na nani?"

Akacheka mpaka simu ikakatika.

Hoteli yenyewe imebanwa katikati ya maduka. Nje honi, nje spika za wauza simu zinashindana kupiga kelele. Ukisukuma mlango, makelele yote yanabaki nje kama viatu. Mapokezi alikuwepo msichana mwenye mwanya.

"Karibu sana, baba. Chumba chako ni cha watu wawili. Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu ametangulia."

"Ahaa, sawa!" akasema kwa furaha, akanipa ufunguo.

Nikamtazama. Mtoto wa watu, hata pole hana? Nikasema moyoni, ndio mjini huku, wamefundishwa na wakubwa wao.

Chumbani kitanda kilikuwa na mito mingi kuliko vichwa vya ukoo wetu. Sijamaliza kuihamisha, hodi. Msichana yule, na sinia la chai, vikombe viwili.

"Mama hajafika tu? Alipotangulia hakusema anapitia wapi? Nimemwambia mlinzi, akimwona mama anahangaika hapo nje amvushe barabara. Magari ya huku hayana adabu."

Hapo ndipo nikaelewa. Mdomo ukafunguka nimsahihishe, halafu nikamwona mke wangu ng'ambo ya barabara, pochi kaibana kwapani, anabishana na muuza vitenge. Nikaona aibu kumkatiza.

"Huyo hapiti duka bila kuomba apunguziwe," nikasema.

"Kama mama yangu! Anatumia sukari?"

"Nyingi. Ukimkataza ananuna."

Akatia sukari, akakoroga, akakifunika kikombe kwa kisahani kisipoe. Alikifunika taratibu, kama anamfunika mtoto shuka. Nikashindwa.

"Usimfunikie, mwanangu. Amekufa."

Limetoka. Msichana akakaa ukingoni mwa kitanda, kazi kaisahau.

"Baba, nisamehe. Mimi nilidhani ametangulia... yaani, ametangulia."

"Usijali. Hata mimi nilipenda ulivyodhani."

Akafuta macho kwa kiganja, akakifunua kile kikombe. "Basi hiki nakunywa mimi, kisipotee bure." Akapiga funda, uso ukamkunjamana. "Lo! Baba, hii si chai, hii ni asali!"

"Nimekwambia ananuna."

Tukacheka, machozi hayajatukauka.

Asubuhi nikasimama mbele ya kamati nikasema mke wangu alikufa, na ulimi haukugoma. Mwenyekiti akafungua chupa ya maji, akanipa pole, akasema uchunguzi unaendelea, naweza kukaa.

Sikukaa.

"Pole nimeipokea," nikasema. "Ila daktari alikuwa mlango wa pili kutoka lile benchi, nilimsikia akicheka na simu. Sasa nani kati yenu aliwakataza manesi wasimgongee?"