Kupika Bila Kuonja

Mama Kolea alikwenda kwenye darasa la mapishi ya Kihindi kwa sababu wifi yake alikuwa ameshaandikisha majina mawili, na kumkatalia wifi yule jambo kulichosha kuliko kulikubali.

Jina hilo alipewa na wateja. Kwa miaka ishirini na mitatu aliendesha mgahawa wa meza sita, na chakula chake kilikuwa kimekolea siku zote, mvua inyeshe, jua liwake. Sasa alikuwa amesafiri kuja kukaa wiki mbili kwa mdogo wake wa kiume na mkewe, na pamoja na sanduku la nguo alikuwa amebeba neno zito ambalo siku ya tano hii lilikuwa bado limemkwama kooni. Miezi minane nyuma aliugua mafua makali. Mwili ulipona, pua haikupona. Ulimi wake ulibaki unajua chumvi, sukari na ndimu, basi. Kitunguu kikikaangwa, iliki, maziwa yaliyochacha, hata moshi, vyote vilikuwa vimemfungia mlango.

Hakumwambia mtu. Mpishi asiyesikia harufu, alijiambia, ni fundi saa asiyeona. Alipika kwa mazoea, na kila sufuria alimwita binti wa kaka yake anayemsaidia jikoni aonje, na binti alijibu vilevile siku zote: "Iko sawa, shangazi." Wateja nao walisema iko sawa, kisha wakaacha nusu sahani. Meza ya dirishani, iliyokuwa ikigombewa, siku hizi ilikaliwa na paka. Basi alikuwa ameamua. Kabla ya kurudi angewaambia ndugu zake kwamba anaacha jiko, na angesingizia magoti. Magoti hayana ubishi.

Darasa lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifungo na nyuzi. Jiko lenyewe halikuzidi chumba cha kulala cha mtoto, lakini Mama Kolea alipoingia alisimama kwanza akalitazama, kwa jinsi mpishi anavyotazama jiko la mwenzake. Visu vilipangwa kwa urefu. Vitambaa vilikuwa vitatu, cha mikono, cha vyombo na cha meza, kila kimoja na msumari wake. Kwenye kona kulikuwa na rafu ndogo yenye picha, taa ya mafuta na kisahani kitupu cha shaba. Hakuna kitu kilichokuwa pale bila kazi.

Mwalimu alikuwa bibi mfupi, mwenye kandambili za mpira na nywele nyeupe zilizofungwa kwa nyuma, na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Wanafunzi walikuwa wanne, wote wageni katika mji huo isipokuwa wifi: Mama Kolea, dereva mstaafu wa malori aliyekuwa akizunguka kutazama miji ambayo zamani aliipita tu, na muuguzi kijana aliyekuwa likizoni, mwenye daftari na kalamu mbili.

"Huyu wifi yangu ndiye mpishi wa ukoo," wifi alitangaza hata kabla ya kuvua viatu. "Mkiniona nimenenepa, ni yeye. Mwalimu, uwe macho, asije akakufundisha wewe."

"Wifi, nyamaza," Mama Kolea alisema haraka.

Maana alijua litakalofuata. Katika kila jiko duniani, saa inafika mtu anakupa kijiko na kukuuliza, vipi?

Kijiko hakikuja. Dengu zilipoanza kuchemka, dereva mstaafu alichovya mwiko kwa furaha na kuupeleka mdomoni. Mwalimu alikuwa amewapa mgongo, anaosha nyanya.

"Weka chini, baba," alisema bila kugeuka.

Dereva aliuweka chini kama mwizi.

"Humu ndani hatuonji," Mwalimu akasema, sasa akiwageukia huku anajifuta mikono kwa kitambaa kinachostahili. "Sahani ya kwanza kwenye nyumba hii ni ya Mungu. Ukishaonja, unampa makombo. Mama yangu hakuonja, bibi yangu hakuonja, na mimi naenda mwaka wa hamsini na mbili."

"Sasa tutajuaje kama mambo yako sawa?"

"Umeendesha lori miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Ulikuwa unaonja dizeli?"

Wifi alicheka mpaka akashika meza. Dereva naye alicheka. "Nilikuwa nasikiliza injini," akakiri.

"Basi. Leo mtasikiliza sufuria."

Mama Kolea alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu ngazini. Kuanzia hapo aliacha kuogopa, akaanza kutazama, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kumpenda yule bibi. Aliwaona wapishi wengi maishani, wenye mbwembwe na wenye matusi, lakini hakuwa ameona mtu anayepika kwa mwili mzima namna ile. Mwalimu alipima maji ya dengu kwa kiungo cha kidole. Unga wa chapati aliubonyeza, kisha akajibonyeza shavu, akarudi kwenye unga, akaongeza maji kiganja kimoja, hadi vyote viwili vikalingana. Alijua mafuta yamepata moto kwa jinsi yalivyotembea alipoinamisha kikaango. Muuguzi alikuwa akiandika mbio mbio.

"Haradali inakaa dakika ngapi?" akauliza.

"Mpaka inyamaze."

Muuguzi aliandika: mpaka inyamaze. Kisha akaitazama ile sentensi kwa muda mrefu.

Hapo Mwalimu akaleta kopo lake la viungo, la chuma, la mviringo, lenye vikopo saba ndani. Akawaambia wafumbe macho, kila mmoja atapewa kitu kiganjani na atakitaja. Mama Kolea alifumba, akanyoosha kiganja. Cha kwanza alikisugua kwa vidole: punje ndogo za mviringo, ngumu. "Haradali." Cha pili kilikuwa chembamba, chenye mistari ubavuni. "Bizari nyembamba." Wifi alimpigia makofi. Cha tatu kilikuwa unga, na unga hauna umbo. Alikipeleka puani kama wenzake, akavuta hewa, na hewa ikaja tupu kama ilivyokuwa ikija kwa miezi minane.

"Giligilani," akasema.

Safari hii wifi hakupiga makofi. Akafumbua macho. Kiganjani mwake kulikuwa na mdalasini.

"Anatutania," wifi akacheka. "Mwacheni, ana vituko huyo."

Mama Kolea naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Mwalimu hakucheka. Alimtazama kidogo tu, akachukua kopo lake na kusema wakati wa samli umefika, na samli ataishika Mama Kolea.

Kazi ile ndiyo inayomaliza dengu, nayo haitoi nafasi ya kukosea. Samli inapashwa motoni katika kikaango kidogo, haradali inaingia, kisha bizari, kisha kitunguu saumu, halafu vyote vinamwagwa juu ya sufuria vikiwa bado vinachachatika. Ukiwahi, viungo ni vibichi. Ukichelewa, saumu imeungua na dengu zote zimeharibika. Kila mpishi ambaye Mama Kolea alimjua hufuata pua hapo. Mwalimu alisimama nyuma yake, karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Pua iache. Sikiliza."

Haradali ililia tap, tap, kisha ikawa mvua ya mawe kwenye bati. Mama Kolea alinyoosha mkono kuondoa kikaango. "Bado," Mwalimu akasema. Mvua ikapungua. Ikabaki tone, na tone. "Sasa bizari." Bizari ilitoa sauti ya kitambaa kinachochanika, fupi. Saumu ilianza kwa kelele kubwa, kelele ya maji yake yanayokauka, na Mama Kolea, aliyekuwa amekaanga saumu maisha yake yote, alitambua kwa mshangao kwamba hakuwahi kuisikia. Ilipofifia, kabla haijanyamaza, mkono wake uliondoa kikaango wenyewe. Hakuambiwa. Alimwaga, sufuria ikanguruma, na Mwalimu nyuma yake akasema, "Ndiyo," neno moja tu.

Mwalimu alichota dengu kijiko kimoja na kipande cha chapati, akaviweka kwenye kile kisahani cha shaba, akawasha taa, akasimama mbele ya rafu kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne. Wageni walisimama pia, dereva akiwa ameshika kofia mkononi. Ndipo wakala. Dereva alimaliza sahani yake, kisha akasema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja alikula barabarani na leo ndiyo amekula. Wifi alisema ni tamu, ni tamu sana, ni tamu kupita kiasi, kama alivyosema juu ya kila kitu alichowahi kupika Mama Kolea. Mama Kolea alisikia chumvi, joto na ulaini, basi.

Wenzake walipotoka kwenye kibaraza kupiga picha, alibaki kuosha vyombo. Mwalimu alichukua kitambaa cha vyombo akasimama kando yake.

"Tangu lini?"

Mama Kolea aliendelea kusugua sufuria. "Miezi minane."

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Kazi yako ni kupika?"

"Ilikuwa. Nikirudi naacha." Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akasema lililokuwa likimuuma. "Mwalimu, usiniambie kwamba hata wewe huonji. Wewe huonji motoni, lakini mezani unakula, unajua umekosea wapi. Mimi nani ataniambia?"

Mwalimu alikausha sahani mbili kabla ya kujibu. "Hilo ni kweli," akasema. "Mimi nilikuwa na mume. Miaka arobaini, kila siku akimeza tonge la kwanza ananiambia ukweli. Leo bizari imezidi. Leo ulikuwa na hasira, vitunguu ni vibichi. Nilimchukia mwaka mzima wa kwanza. Mikono yangu hii ameifundisha yeye, na hakujua hata kuchemsha maji." Akatundika kitambaa kwenye msumari wake. "Sikio unalo, nimeliona leo. Huna mtu wa kukwambia ukweli. Na huyo huwezi kumpata huku umeficha."

Mficha maradhi, kifo humuumbua; Mama Kolea aliijua methali hiyo tangu utoto, na aliwahi kuwatolea wengine mara nyingi sana.

Lakini amwambie nani? Alipoteremka ngazi aliyekuwa mbele yake ni wifi, akizungumza mfululizo. Kumwambia wifi siri ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Walipofika karibu na mlango wa duka la vifungo, Mama Kolea alikaa kwenye ngazi.

"Wifi, kaa hapa."

"Magoti?"

"Si magoti." Akamwambia yote, akianza na mafua na kuishia na paka wa meza ya dirishani. Alisema akitazama viatu vyake. Alipomaliza alingoja kelele, vilio, simu kutolewa mkobani. Hakusikia kitu. Aligeuka. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka.

"Ile nyama ya juzi," wifi akasema hatimaye.

"Imefanyaje?"

"Saumu ilikuwa imeungua, wifi. Nyeusi. Ilikuwa chungu."

"Lakini mlimaliza. Mdogo wangu aliongeza sahani."

"Aliniambia chumbani, ukisema neno kwa dada yangu nakurudisha kwenu. Akala kwa ajili yako. Mimi nilimeza kwa maji." Alijifuta uso na ncha ya mtandio. "Tulidhani umezeeka tu. Tulikuonea haya."

Mama Kolea aliona uso unamchoma. Alimfikiria mdogo wake akiongeza nyama chungu kwa tabasamu, na binti wa kaka yake akisema iko sawa, shangazi, na wateja wake wa miaka mingi. Siri aliyoilinda kwa jasho wote walikuwa wameionja. Walichokosa ni ruhusa ya kusema. Aliumia, akalia kidogo pale ngazini. Kisha akamshika wifi mkono.

"Kesho nitapika dengu. Na wewe utaniambia."

"Mimi siwezi kukuambia vibaya, wifi."

"Wewe, uliyeniambia kichwa changu ni kama boga siku ya harusi yako?"

"Hilo lilikuwa kweli."

"Basi ndiyo hivyohivyo."

Kesho yake mchana Mama Kolea alizima redio ya jikoni, akamfukuza mdogo wake, akafunga dirisha la barabarani. Alipima maji kwa kiungo cha kidole. Alisikiliza haradali mpaka ikanyamaza, akasikiliza bizari ikichanika, akaondoa saumu kabla ya kimya. Mwili wote ulikuwa umesimama wima, masikio mbele. Kisha akaweka sahani moja mezani, akakaa upande wa pili.

Wifi alikula kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alifikiri kabla ya kusema.

"Bizari imezidi," akasema. "Si sana. Kidogo tu, inatangulia mbele ya vingine." Alichota tena, akafumba macho. "Saumu iko pale pale inapotakiwa. Dengu ni tamu, wifi. Tamu kweli."

Kwa miezi minane Mama Kolea aliambiwa tamu na watu wengi, na hakuamini hata mmoja. Hii aliiamini, kwa sababu bizari ilikuwa imezidi. Alisimama akaenda kwenye kopo la bizari, akachota kwa vidole vitatu kama alivyofanya alipokuwa akipika, akaitazama, akairudisha. Akachota kwa vidole viwili.

"Hivi?"

"Mimi najuaje? Pika kesho nikuambie."

Mama Kolea alichukua simu akampigia binti wa kaka yake, akamwambia asafishe ile meza ya dirishani na amtoe paka, na kwamba atakaporudi kuna jambo la kumweleza. Binti akauliza kama yuko sawa. Wifi, mdomo umejaa, akamwambia kutoka upande wa pili wa meza kwamba shangazi yake yuko sawa, ila bizari imezidi.