Mikono ya Ninian Gourlay

Mara tano Ninian Gourlay alikuwa ameivaa jezi ya buluu ya Uskoti, na katika mechi zote tano hakuwahi kuugusa mpira kwa mkono. Hakuona ajabu. Siku zile raga ilichezwa na watu ishirini kila upande, na kazi ya mwanaume wa umbo lake ilikuwa kusimama wima, bega kwa bega na wenzake, na kusukuma mpaka upande mmoja uishiwe pumzi. Kwa kusukuma, hakuwa na mpinzani. Huyu mfanyabiashara wa nafaka wa bandari ya Leith aliwasukuma Waingereza kama mtu afunguaye mlango wa ghala lake mwenyewe.

Kisha wakubwa wa mchezo wakapunguza wachezaji hadi kumi na watano.

Nahodha Sommerville, wakili kijana, alimtembelea Jumapili baada ya ibada. Alikunywa chai, akasifu mikate ya mke wa Ninian, Elspeth, akazungumzia mvua.

“Sema tu, bwana,” Ninian akamwambia. “Chai inapoa.”

“Uwanja umepata nafasi, mzee. Sasa wanatakiwa wakimbiaji.”

“Nani kasema sikimbii?”

“Mume wangu,” Elspeth akadakia, “hata treni huwa unaiacha iende zake.”

Walicheka wote watatu, ila kicheko cha Ninian ndicho kilichokatika kwanza. “Nipe wiki sita,” akasema. “Nikishindwa, nitasimama pembeni niwapigie makofi.”

Kila alfajiri akawa anakimbia ufukweni, mpira kwapani. Wapakuzi wa meli hawakumwacha salama.

“Bwana Gourlay, nani anakukimbiza?”

“Uzee,” akajibu bila kupunguza mwendo.

Miguu ilitii upesi kuliko alivyotarajia. Kilichomtatiza ni moyo. Miaka yote aliamini kwamba mwenye kukimbia na mpira anaikimbia kazi, anawaachia wenzake jasho. Sasa aliusikia ule uzito mdogo wa mpira wa ngozi ubavuni mwake, na akajikuta, kwa haya kidogo, akiingoja kesho kwa hamu.

Siku ya mechi na Waingereza, Edinburgh ililowa chapachapa. Hadi kipindi cha pili hakuna aliyepata kitu. Ndipo msukumano ukapasuka, na mpira ukamrukia Ninian kifuani.

“Kimbia, mzee wewe!” Sommerville akapaza sauti.

Akakimbia. Mwingereza mmoja alimning’inia kiunoni, wa pili akamkamata mguu. Akawakokota wote wawili hadi ng’ambo ya mstari wa goli, akaugusisha mpira ardhini kwa viganja vyote viwili. Lakini kwa sheria za wakati ule, hilo lilikupa haki ya kupiga teke golini tu, bila pointi hata moja. Sommerville akapiga. Upepo ukauchukua mpira nje ya mlingoti.

Nahodha alirudi ameinamisha kichwa. “Nisamehe, Ninian. Jasho lako nimelitupa.”

Ninian alikuwa akivitazama viganja vyake, vyeusi kwa tope. “Zimebaki dakika ngapi?”

“Kumi. Labda kumi na mbili.”

“Zinatosha.”

Akajifuta mikono kwenye suruali, akarudi mahali pake. Walipokutana tena mabega kwa mabega na Waingereza, mvuke ukiwapanda migongoni, hakukaza shingo wala hakumkodolea macho mtu wa mbele yake. Aliinama, akaanza kuutafuta mpira.