Mwendo Mpya wa Martine

Kwa miaka minne, tangu amzike mumewe, sauti ya kwanza kumwita Martine kila asubuhi ilikuwa ya Séraphin, kipofu mfuma vikapu wa pale kwenye kona. Alimtambua kwa mwendo: mguu mzima ukikanyaga kwa kishindo, ule wa goti lililolika ukiburutwa nyuma yake.

"Mama Martine, leo goti iko na kichwa nguvu, inakataa kutii?"

"Kama kichwa yako, baba."

Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa mpaka jua kuchwa.

Kisha akadungwa sindano ya goti. Maumivu yakatoweka, akashika njia ya soko amenyooka kama mshumaa. Alipompita Séraphin, kipofu aliendelea kufuma, kimya. Martine alitaka kusema neno, lakini mazoea yao yalikuwa Séraphin aanze. Asipoanza, basi amekusudia. Akanuna. Kesho yake akapita kwa kasi zaidi, na keshokutwa vilevile. Nyumbani alisonga bukari, ugali wa mtu mmoja, akala akiutazama ukuta.

Juma la pili goti likavimba. Estelle, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimtembeza katika ukumbi wa hospitali akimrekodi kwa simu, kisha akamwonyesha.

"Mama, angalia. Mbele ya sindano ulikuwa unakanyaga na woga. Sasa haiumi, uko unatupa uzito yote pale. Sindano ilinyamazisha goti, haikuiponyesha. Tafuta fimbo, ishike na mukono ya upande wa muguu muzima. Na polepole."

"Nitatembea kama zamani?"

"Hapana, mama. Utajifunza mwendo mupya."

Asubuhi iliyofuata alitoka na fimbo ya marehemu mumewe. Séraphin aliinua kichwa, akasikiliza, akakiinamisha tena. Martine akapita hatua tatu. Hapo ndipo alipoelewa kuwa mwendo wake haukutambulika, akarudi.

"Ni miye, Baba Séraphin."

Mikono ya kipofu ikatulia. "Miye nani? Sauti naijua, lakini mwendo hapana. Mama Martine alihama. Wiki mbili sijamusikia. Watu wanasema anapita hapa kila siku. Nikajua wananichezea tu."

Martine akaishika fimbo sawasawa.

"Basi sikiliza," akasema.

Akatembea mbele yake taratibu: fimbo na mguu mbovu pamoja, kisha mguu mzima. Akafika kwenye mfereji, akageuka, akarudi.

Séraphin alikuwa amefumba macho yake yasiyoona.

"Rudilia," akasema, "masikio ishike hii mwendo mupya."