Safu za Msikiti wa Mikorosho

Mzee Mwinyimadi hakuwa mtu wa kuona haya kirahisi. Lakini tangu siku kijana Khalfani alipoweka simu yenye dira sakafuni mwa msikiti wa kijijini Masaki, mshale wa kibla ukageukia pembeni, Mzee hakukanyaga tena mle ndani. Msikiti ule aliujenga yeye. Alipochimba msingi hakuhangaika na dira. Aliufuatisha na safu za mikorosho ya baba yake, maana tangu utotoni aliamini mzee yule hakupanda kitu ila kuelekea kibla. Kumbe marehemu alifuata mpaka wa shamba tu!

Vijana, Khalfani akiwa kinara, walitaka ukuta wa mbele uvunjwe. Imamu alikwisha kumwambia Mzee kwamba Mungu hapotezi sala ya aliyekosea kwa nia njema. Aliitikia kwa mdomo tu. Moyoni alimfikiria marehemu mkewe, Mwanaamina, aliyesali mle hadi mwisho wake, akahofia sala zake zote zilipotea njia.

Aliyeutetea ukuta ni mjukuu wake Naila, mwenye duka la stika na mabango mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. "Tugeuze safu, babu, kwa mistari ya stika sakafuni. Ukuta hausali." Akapima chumba chote kwa futi, kisha akamwita babu yake dukani ajionee kazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Haya, nionyeshe huo uchawi wako."

Kwenye kioo cha kompyuta ulikuwepo msikiti wake, kuta nne tupu, na Mzee akautambua mara moja. Naila akachora mstari, akauinamisha kufuata kibla, akaandika urefu kwenye kisanduku kidogo. Mstari ukatoboa ukuta.

"Umetoka nje huo," alisema Mzee.

Naila akacheka kwa aibu. "Nimekurupuka. Ukishainama, kisanduku hiki hakipimi mstari wenyewe, kinapima nafasi unayochukua toka kushoto hadi kulia. Inabidi niulaze sawa kwanza, niupe urefu wake, ndipo niugeuze."

"Basi ulaze, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Akaulaza, akaandika tarakimu, akaugeuza. Safari hii ncha zote mbili ziligusa kuta, hazikuzidi hata kwa upana wa unywele. "Subhanallah," alisema Mzee, mkono kifuani. Ukafuata wa pili, na wa tatu, kila mmoja na urefu wake. Katikati ilikuwa mirefu, lakini kadiri ilivyokaribia kona ya nyuma ikazidi kupungua, mpaka ukabaki mmoja mfupi kabisa.

"Na huo?"

"Unatosha watu wawili tu, babu."

"Huo ni wangu. Aliyewapoteza watu hasimami mbele."

Naila alimtazama. Akauandikia urefu wake.

Ijumaa Mzee alifika msikitini, akasita mlangoni. Alijiandaa kuona upogo wa kazi yake ukianikwa mbele za watu. Vipande vya stika za kijani vilikwisha kubandikwa sakafuni, na imamu alipoita watu wasimame kwa sala, wakainuka bega kwa bega, visigino kwenye mistari, wote wamegeuka kidogo upande mmoja. Kuta zikabaki pembeni kama jamvi tu lililotandikwa upande. Mwili ulimsisimka Mzee. Hakuwahi kuuona msikiti wake ukipendeza namna ile. Akamkumbuka Mwanaamina, ambaye moyo wake ulielekea huko huko siku zote bila kuchorewa mstari wowote, na maneno ya imamu yakamwingia hatimaye. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Akaenda kusimama kwenye mstari wake mfupi, peke yake.

Khalfani aligeuza shingo, akamwona. Akatoka kwenye safu yake ya mbele, akarudi nyuma, akasimama ubavuni mwa Mzee. Bega lake likagusa bega la Mzee, na ule mstari ukaishia papo hapo, kisiginoni mwa Khalfani.

Imamu akapiga takbira. Mzee Mwinyimadi akainua mikono.