Tasnifu ya Ylva Mlangoni kwa Mkurugenzi

Kwetu Uswidi huwi daktari wa falsafa mpaka tasnifu yako ipigiliwe msumari hadharani, wiki tatu kabla ya kuitetea. Desturi hiyo naipenda mno. Nimezeekea katika maktaba hii ya chuo, na sijaona raha inayoshinda kumtazama msomi aliyechoka akigonga kitu kwa nyundo.

Kisha Torkel, mkurugenzi wetu, akatuletea kile alichokiita ndoa ya jadi na dijitali. Aling'oa ubao wa mwaloni tuliokuwa tukipigilia tasnifu, akatundika skrini yenye picha ya ubao wa mwaloni. Sasa mtafiti anagonga kipande cha mpira, mashine inasikiliza, halafu inachora msumari. Niliichukia tangu siku ya kwanza.

Siku ya mwisho ya kupigilia tasnifu ya Ylva, mtafiti wetu mmoja, ikafika. Alikuwa amemaliza miaka sita akichunguza mbu wa vinamasini. Profesa wa kumhoji, Mnorwe mmoja, alikuwa anaondoka mwezi uliofuata kwenda kuishi kwenye barafu, na kazi aliyoahidiwa Ylva isingemsubiri. Kama tasnifu isingepigiliwa leo, basi yote yangekwenda na maji.

Mama yake alileta keki. Ylva akagonga.

"Pigo halijatambuliwa," mashine ikasema kwa upole. "Tafadhali gonga kwa moyo."

Akagonga kwa moyo.

"Pigo limetambuliwa kama makofi. Asante, nawe pia hongera."

"Torkel!" nikaita. "Hebu njoo uone kituko chako!"

Torkel alichungulia kutoka ofisini. "Mfumo unajifunza, Gunnel. Uacheni ujifunze."

"Ujifunze leo leo basi, maana saa kumi tunafunga."

"Wewe na teknolojia ni paka na panya."

"Na wewe na akili je?"

Akaufunga mlango. Ylva hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Gunnel," akasema, "kanuni inataka ipigiliwe wapi hasa?"

"Skrini ikishindwa, kwenye mbao, ndani ya maktaba, watu wakiona."

Akatazama huku na huku. Rafu zetu siku hizi ni chuma, meza ni plastiki. Mbao iliyobaki ilikuwa ukingo wa mlango wa kioo wa Torkel na fremu yake. Nikampa msumari mrefu kutoka kwenye droo yangu, na sijutii. Akaugongomea kimshazari, ukapita kwenye tasnifu, ukapita kwenye mlango, ukazama kwenye fremu.

"Wee! Unafanya nini?" Torkel akapiga kelele ndani, akivuta kitasa. Mlango haukutikisika.

Nilikwenda kuchukua koleo, kisha nikasita. "Torkel, ikibanduliwa kabla ya wiki tatu, hesabu inaanza upya."

"Kanuni ya nani hiyo?"

"Yako."

Akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Haina mwanya?"

"Haina hata wa sindano. Uliiandika vizuri."

"Basi rudisha koleo," akasema. Miaka yote hiyo, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomheshimu.

Choo anacho humo ndani, namshukuru Mungu. Kahawa na mikate nilimpitishia kwenye tundu la kurudishia vitabu lililoko ukutani mwa ofisi yake. Mikutano aliifanya kwa skrini, na wakubwa zake hawakuona tofauti yoyote.

Wiki tatu zilipotimia Ylva alitetea mbu wake, akafaulu, na hapo ndipo alipolia, mimi pia. Torkel alishangilia kupitia skrini mpaka sauti ikakatika. Nikachukua koleo, nikaenda kumfungulia.

Nikakuta foleni. Juu ya tasnifu ya Ylva zilikuwa zimeshapigiliwa nyingine, ya mwisho asubuhi ile ile.

"Torkel," nikasema, "sijui nikwambieje."

"Najua. Nimesikia nyundo."

"Na wengine wanasubiri hapa nyuma yangu."

Alitafakari kidogo, akinywa kahawa yake.

"Huyo anayefuata mwambie apige kwa nguvu," akasema. "Msumari wa asubuhi uko legelege."